Miadi ya daktari bingwa ni baada ya miezi mitano, na shingo hainipi usingizi

Fundi wa Pwani

Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu wote.

Mimi ni mama wa miaka 47, fundi cherehani kwa miaka 22 sasa, na haya ninayaandika nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kumenishinda. Mwezi wa tatu mwaka huu shingo ilinikaza upande wa kulia, nikadhani nimelala vibaya, kwa kuwa fundi kuamka na shingo iliyokaza si habari. Safari hii haikuachia. Baada ya wiki mbili maumivu yalishuka kwenye bapa la bega, yakapita nyuma ya mkono hadi kwenye kidole cha kati, na sasa kidole hicho kina ganzi kana kwamba nimekizungushia uzi nikasahau kuufungua.

Katika hospitali ya mkoa walinipiga eksirei, wakaniambia pingili za shingo zimeanza kuchakaa na nafasi kati ya pingili ya sita na ya saba imepungua. Nilipewa diklofenaki na dawa ya kulegeza misuli, na ilipofika mwezi wa sita bila nafuu nikaandikiwa rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nilisafiri na barua yangu, nikalala kwa ndugu, nikapanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, na dirishani nikapewa kikaratasi chenye tarehe 14 mwezi wa 12. Wakati huo ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Nilimuuliza yule kijana kama amekosea mwezi, akanijibu kwa upole kwamba hajakosea.

Usiku ndio mtihani. Nikilala chali mkono unawaka moto, ubavu wa kulia haulaliki, na ubavu wa kushoto unanipa saa mbili hivi kabla sijaamka. Nafuu pekee niliyoigundua mwenyewe ni kuweka kiganja cha mkono wa kulia utosini. Nikikaa hivyo dakika chache maumivu yanapungua kama bomba lililofungwa. Ubaya wake ni kwamba kwetu mtu akikutwa amekaa na mkono kichwani, watu wanajua amefiwa. Juzi mteja alikuja kuchukua gauni la harusi ya binti yake, akanikuta kizingitini katika hali hiyo, akavua viatu na kuanza kunipa pole kabla sijafungua mdomo.

Kazi imepungua nusu. Mkasi mkubwa wa kukatia umeniponyoka mara mbili wiki hii, na vitambaa vizito sasa anavikata binti ninayemfundisha kazi. Sala ninasali nikiwa nimekaa kitini, maana nikisujudu mkono mzima unakufa ganzi.

Ninayo maswali ambayo pale dirishani hapakuwa na wa kumuuliza. Je, kungoja miezi mitano ni kuvumilia tu, au ninajiharibu zaidi kadiri ninavyongoja? Mume wangu anasema tuuze mashine ya overloki, ile ya kushonea kingo za kitambaa zisifumuke, tupate fedha za picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, na za kumwona daktari wa hospitali binafsi, lakini mimi naona tukiiuza, hata shingo ikipona sitakuwa na kazi ya kuirudia. Shemeji yangu naye ananisimulia habari za kinyozi mmoja anayenyoosha shingo kwa kuigeuza ghafla mpaka ikalia. Ninaogopa, ila kwa usiku kama wa jana mtu anaweza kukubali lolote.

Mtu wa Tibaviungo, Mombasa

Wa alaykum salaam dada, na pole sana. Mimi ni mtaalamu wa tibaviungo, na nitasema ninachoweza kusema bila kukuona, nikijua kwamba asiyekupima kwa mikono yake hana haki ya kuutaja ugonjwa wako kwa uhakika.

Hilo la mkono utosini halikuja kwa bahati. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu, na kila mshipa una sehemu yake ya ngozi na misuli inayoitawala. Ule unaotoka kati ya pingili ya sita na ya saba ndio kwa kawaida unaofika kwenye kidole cha kati, na ndio unaotumikia msuli wa nyuma ya mkono, yaani ule tunaoutumia kusukuma mlango. Diski, yaani kitakia laini kilicho kati ya pingili na pingili, ikitokeza, au mfupa ukiota kwenye tundu unamopita mshipa, mshipa unabanwa na kuvimba, na ukiinua mkono juu ya kichwa unaulegeza kama kamba iliyokuwa imevutwa. Sisi huitumia ishara hiyohiyo tunapowapima wagonjwa. Kwa hiyo weka mkono wako kichwani bila haya, na wateja waambie mapema kwamba hakuna msiba.

Kuhusu kujiharibu kwa kungoja, watu wengi waliobanwa mshipa wa shingo hupoa bila kisu, wengine katika wiki chache, wengine katika miezi kadhaa, kwa sababu uvimbe hupungua na kipande cha diski kilichotokeza mara nyingi husinyaa chenyewe. Wewe umekwisha kupita miezi minne, kwa hiyo si katika wale wa haraka, lakini mlango haujafungwa. Kuchakaa kwa pingili kulikoonekana kwenye eksirei kusikutishe sana pia. Wajapani walichapisha mwaka 2015 utafiti wa watu 1,211 wasiokuwa na tatizo lolote la shingo, wakawapiga MRI, na karibu asilimia 88 wakakutwa na diski zilizotokeza. Ndiyo maana ningesita kuuza overloki kwa ajili ya picha. Picha peke yake, bila daktari aliyekupima na kujua anatafuta nini, inaweza kukuonyesha mambo ambayo hata jirani yako mzima wa afya anayo.

Sasa tuje kwenye kiti chako cha kazi, maana huko ndiko unakoshinda. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kikiinamia sindano kutwa nzima, misuli ya kisogo ndiyo inayokizuia kisianguke. Inua meza ya cherehani kwa matofali mpaka mshono ukufuate wewe badala ya wewe kuufuata. Ikiwa cherehani ni ya kukanyaga na pedali itakuwa juu mno, basi inua na kiti pia, huku miguu ikifika vizuri. Sogeza taa karibu, kwa sababu nusu ya kuinama kwa fundi hutokana na kutoona. Na weka sharti moja, kwamba kila bobini ikiisha uzi unasimama, unarudisha mabega nyuma mara kumi, unavuta kidevu ndani polepole kama mtu anayejaribu kutengeneza kidevu cha pili, kisha unazunguka chumba kabla ya kujaza bobini nyingine. Huhitaji saa, bobini itakukumbusha.

Katika mazoezi angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakihama kutoka mkononi na kurudi kuelekea shingoni, hiyo ni ishara njema hata kama shingo yenyewe inauma zaidi kidogo. Yakishuka zaidi kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo siku hiyohiyo. Usiku lala ubavu wa kushoto na mto mmoja unaojaza nafasi kati ya sikio na bega, na mto mwingine ukumbatie ili mkono wa kulia usining'inie. Kola ya shingo, kama umeuziwa, ivae siku chache tu za maumivu makali. Ukiizoea kwa wiki nyingi misuli inalegea na shingo inakuwa dhaifu kuliko mwanzo. Ndoo kichwani usibebe kabisa, wala usimruhusu mtu akuambie kwamba ni nusu ndoo tu.

Lililonistua katika maelezo yako ni mkasi, wala si maumivu. Mkono unaouma ni jambo moja na mkono unaopoteza nguvu ni jambo jingine. Naomba ufanye kipimo kidogo nyumbani: nyoosha mkono mbele, kunja na kukunjua ngumi kwa haraka uwezavyo kwa sekunde 10, mtu mwingine akihesabu. Mtu mzima wa afya kwa kawaida hufikisha 20 au zaidi. Fanya kwa mikono yote miwili, uandike namba na tarehe. Jaribu pia uzi na tundu la sindano, kwa sababu kwa hilo fundi hawezi kujidanganya.

Mzee wa Kijiweni

Mama, hawa wataalamu wanapenda maneno marefu. Mimi niliteseka na shingo wiki tatu, nikaenda kwa kinyozi, akaigeuza kulia "kwa", kushoto "kwa", nikasimama mzima na nikalala usingizi siku hiyohiyo. Hakunitoza hata elfu tano. Huyo shemeji yako msikilize.

Mwalimu Mstaafu

Mzee mwenzangu, nakupa heshima yako, na ninaamini kabisa kwamba ulipata nafuu. Ila shingo yako ilikuwa imekaza misuli, na ya huyu dada ina ganzi mpaka kidoleni na mkono unaodondosha mkasi. Hayo si maradhi mamoja. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda ubongoni, na kuigeuza shingo ghafla kumewahi kuipasua kwa baadhi ya watu na kuwaletea kiharusi. Si wengi, lakini hakuna kinyozi anayejua kabla ya kugeuza kwamba wewe hutakuwa mmoja wao. Dada, nywele mpelekee, shingo usimpe.

Nami nilingoja. Miezi saba, mwaka ambao nilikuwa nimebakiza miwili kustaafu, na nilisahihisha mitihani ya kidato cha nne ya shule yetu nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, karatasi zikiwa sakafuni. Nitasimulia makosa yangu mawili ili yasirudiwe.

La kwanza ni dawa. Hospitali walinipa diklofenaki. Iliponipungukia nguvu nikaenda duka la dawa, nikauziwa ibuprofeni, na jirani mwenye mgongo akanigawia vidonge vyake vya meloksikamu. Kwangu zilikuwa dawa tatu tofauti, kwa hiyo niliona nimejipanga vizuri. Hakuna aliyeniambia kwamba zote tatu ni za ukoo mmoja na kwamba tumbo linazihesabu pamoja. Wiki ya tano nilipata choo cheusi kama lami, chenye kunata, nikaanguka bafuni. Niliongezewa damu chupa mbili. Tangu hapo ninamwambia kila mtu: ukiona choo cha namna hiyo usingoje asubuhi, na kama una vidonda vya tumbo, presha ya juu au figo zenye hitilafu, mwambie daktari kabla ya kumeza hata kimoja. Diklofenaki ya miezi minne mfululizo, dada, nayo ni ya kuulizia. Mimi mwishowe daktari aliniondolea zote akanipa amitriptilini kidogo ya kumeza jioni, dawa ambayo kwa asili ilitengenezwa kwa ajili ya sonona lakini hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Inakausha mdomo na asubuhi unaamka kama umelewa kwa wiki ya kwanza. Lakini nililala. Usijinunulie; kaombe kwa daktari, na umtajie kila kitu kingine unachomeza.

La pili ni daftari. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, kila usiku niliyapa maumivu yangu alama kati ya kumi. Nane, tisa, nane, tisa, kumi na moja. Nilipofika kwa bingwa nikamkabidhi daftari kwa fahari. Alifungua kurasa mbili na kulifunga. Kisha akaniuliza kuna kazi gani ya mkono niliyokuwa naiweza mwezi wa kwanza na sasa siiwezi. Nilikumbuka kwamba kifungo cha juu cha shati alikuwa ananifunga mke wangu tangu mwezi wa tano, na kwamba mstari wangu ubaoni ulikuwa umeanza kupinda. Akashika kalamu na kuanza kuandika. Miezi saba nilikuwa nimeandika kitu kisicho na matumizi kwake, na kilichokuwa na matumizi nilikuwa nimekizoea.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Umesema neno ambalo nilitaka kulisema, nami nitalisema kutoka upande wa pili wa dirisha, kwa sababu nimefanya kazi katika kliniki za rufaa kwa miaka kadhaa na barua hizi zimepita mikononi mwangu.

Dada Fundi, kijana uliyemkuta dirishani hakukuchagulia tarehe. Barua yako ndiyo iliyoichagua. Asubuhi moja zinaweza kufika barua za watu wengi kuliko nafasi za wiki nzima, na mtu anayezipanga hawaoni wagonjwa, anaona maandishi. Barua ikisema "maumivu ya shingo kwa miezi mitatu, tafadhali mpokee", inakwenda kwenye rundo la kawaida pamoja na nyingine zinazosema hivyohivyo, na ukweli ni kwamba zote zinasema maumivu ni makali. Barua inayosema "udhaifu wa msuli wa nyuma ya mkono wa kulia, ganzi ya kidole cha kati, unaongezeka tangu mwezi wa sita" inasomwa mara mbili na kuwekwa kando. Najua inaumiza kusikia kwamba maumivu hayasogezi foleni. Hata mimi iliniudhi nilipoanza kazi, mpaka nilipoelewa kwamba mshipa unaouma bado unaishi, lakini mshipa unaopoteza nguvu unaweza kufikia mahali ambapo hata ukifunguliwa hautarudi ulivyokuwa.

Basi usiuze mashine kwanza. Rudi katika hospitali ya mkoa, mwone daktari, umwambie habari za mkasi, na uombe akupime nguvu za mkono upya: kukunja kiwiko, kunyoosha kiwiko, kuinua kiganja, kubana vidole, na akugonge viwiko kwa kinyundo. Madaktari huandika nguvu ya msuli kwa alama kutoka 0 hadi 5. Alama hiyo ikiwa chini ya 5 na ikaandikwa kwenye barua pamoja na tarehe, una barua mpya kabisa, nawe unayo haki ya kuomba irudishwe kliniki ipangiwe upya. Kama anaona mkono ni mzima, utakuwa umepata faraja ya kweli badala ya kubahatisha. Mwombe pia akuelekeze hospitali nyingine zinazopokea rufaa za aina hii. Watu wa pwani wanaelekea Dar es Salaam kwa mazoea, lakini ziko hospitali za kanda kama KCMC kule Moshi, Bugando kule Mwanza, ile ya Mbeya na Benjamin Mkapa kule Dodoma. Muhimu ni kuuliza kwa simu, kabla ya nauli, kama bingwa wa mishipa ya fahamu yupo na kliniki yake ni siku gani.

Kuna dalili ambazo ukiziona hutakiwi kungoja tarehe yoyote, wala ya mwezi wa 12 wala ya kesho kutwa. Mikono yote miwili ikianza kuwa mizito na vifungo kukushinda, miguu ikikakamaa au ukianza kuyumba unapotembea, ukiinamisha kichwa ukahisi kama umeme unashuka mgongoni, au mkojo na haja kubwa zikaanza kukataa kutoka au kutoka bila ruhusa, maana yake kinachobanwa si mshipa mmoja wa mkono bali ule mkuu unaoshuka ndani ya uti wa mgongo. Hapo ni idara ya dharura siku hiyohiyo, na useme maneno hayo mlangoni kama nilivyoyaandika. Vivyo hivyo maumivu ya shingo yanayofuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu cha mifupa bado kipo kwetu na eksirei ya mwanzo inaweza isikionyeshe.

Jingine ni dogo lakini limewapotezea wengi nafasi zao. Hakikisha namba ya simu iliyo kwenye faili ni unayoitumia leo. Mgonjwa akighairi tunapiga simu kwa wanaofuata, na simu tatu kati ya tano zinakuta laini imezimwa au anapokea shemeji asiyejua lolote. Piga mwenyewe kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kwa adabu, ukitaja namba ya faili, uulize kama kuna aliyeghairi. Hatuchoki kama watu wanavyodhani.

Msafiri wa Leicester

Naomba niongeze machache kutoka Uingereza, kwa sababu ndugu zangu nyumbani wanafikiri huku mtu anaumwa asubuhi na jioni amepasuliwa. Nchini England hospitali za umma zimewekewa kiwango kwamba wagonjwa 92 kati ya 100 waanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu rufaa, na kiwango hicho hakijafikiwa tangu mwaka 2016. Mimi, dereva wa mizigo, nilingoja miezi kumi na moja kwa shingo kama yako, mkono wa kushoto.

Nataka kusema jambo ambalo wengine hawakulisema. Mwezi wa tisa maumivu yalianza kupungua yenyewe, na barua ya miadi ilipofika nilikuwa karibu mzima. Nilikwenda hata hivyo. Daktari alinipima dakika kumi, akaniambia hakuna cha kupasua, niende nyumbani. Badala ya kushukuru nilitoka pale na hasira kiasi kwamba nilikaa ndani ya gari nikalia. Sijui nilikuwa nalilia nini. Nadhani ni kwamba kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimeahirisha kila kitu, safari ya kumzika baba mdogo, michango, hata kucheza na watoto, kwa kisingizio cha siku ile, na siku ile ilikuwa tupu. Dada, mambo yako mengine usiyaweke kabatini mpaka mwezi wa 12. Na watu wa nyumbani waambie usiku ulikuwaje kabla hawajaudhika na ukali wako wa asubuhi. Mke wangu alidhani nimemchoka.

Kuhusu kazi, ndugu wa Mombasa ameandika vizuri, ila sikubaliani naye moja kwa moja. Kuna wiki za mwanzo ambapo hata bobini moja ni nyingi. Kama una binti wa kukata, mwachie na kushona kwa muda, wewe pima na kupokea wateja.

Mtu wa Tibaviungo, Mombasa

Hapo ndugu wa Leicester umenisahihisha kwa haki. Niliandika kana kwamba kila mtu anaanza na bobini nzima. Dada, kama nusu bobini ndiyo inayokutosha, basi iwe nusu, na wiki ijayo uongeze.

Fundi wa Pwani

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka nirudi na habari.

Nilihesabiwa ngumi na binti wa kazi, kulia 21, kushoto 24. Uzi na sindano bado naviweza, ingawa mkono wa kulia unatetemeka. Nilirudi hospitali ya mkoa, nikamkuta daktari mwingine, kijana, nikamsimulia habari za mkasi kabla ya kutaja maumivu kama mlivyonifunza. Alinikalisha, akaniambia nikunje kiwiko kisha nimsukume. Mkono wa kushoto nilimsukuma akarudi nyuma. Wa kulia ulikunjika kama mlango usio na komeo, na mimi mwenyewe nilishtuka, kwa kuwa miezi yote hiyo sikujua. Aliandika 4 kati ya 5, akagonga kiwiko kwa kinyundo mara tatu akaandika tena, kisha akapima miguu yote na kunitembeza kisigino kwa kidole kwenye mstari wa vigae. Miguu ni mizima. Barua mpya ina mistari tisa. Ya kwanza ilikuwa na miwili. Diklofenaki ameisimamisha, na amenipa amitriptilini ya usiku. Mwalimu, shikamoo, mdomo kweli unakauka kama nimekula ubuyu mbichi, lakini jana nimelala saa tano mfululizo.

Kliniki nimeipigia mara mbili. Mara ya kwanza hawakuwa na jibu. Mara ya pili, Jumanne, wameniambia barua imesomwa na nije tarehe 9 mwezi wa tisa. Nimemwambia mume wangu, naye ameacha kuwatafuta wanunuzi wa overloki, ingawa picha ya MRI tutalazimika kuilipia na tunachangisha. Cherehani iko juu ya matofali manne. Shemeji hajafurahi.

Swali langu la mwisho: picha hiyo niipige huku kabla ya kwenda, au ningoje bingwa aseme mwenyewe?

Muuguzi wa Zamu

Alhamdulillahi. Kabla ya kulipa, piga tena simu uulize kama bingwa huyo anataka picha iletwe au anapenda kuagiza mwenyewe, kwa sababu wapo wanaotaka ipigwe kwa namna fulani na hutapenda kuilipia mara mbili. Ukiambiwa uilete, hakikisha fomu inasema ni picha ya shingo na imetaja udhaifu wa mkono wa kulia, na siku ya kuichukua omba filamu au CD yenyewe pamoja na maelezo ya karatasi. Wengi huja na karatasi pekee wakarudishwa. Usiikunje filamu wala usiiweke chini ya mizigo kwenye basi. Chukua na ile eksirei ya mwezi wa nne, paketi zote za dawa ulizokwisha kutumia, na hizo namba za ngumi.

Na safiri siku moja kabla, ukae dirishani upande wa kushoto wa basi, ili jirani asikuegemee bega la kulia akisinzia.

Fundi wa Pwani

Upande wa kushoto nikikaa dirishani, jirani atakuwa kuliani kwangu.

Muuguzi wa Zamu

Kweli kabisa, nisamehe, nimetoka zamu ya usiku. Kaa dirishani upande wa kulia.